Buluu Aliyoichanganya Amolo

Amolo alipofariki, baba yake alitaka vitu vyake vitoke nyumbani haraka. Opiyo hakuwa mtu mkali. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, na nyumba yao ya vyumba viwili hapo mtaa wa Tena ilikuwa imejaa mno binti yao: viatu mlangoni, mafuta ya nywele bafuni, kitabu kilicholazwa kifudifudi kwenye kochi. Wiki iliyofuata mazishi alizikunja nguo zote, akazitia kwenye magunia ili azipeleke kanisani. Khavere, mkewe, hakumzuia. Lakini Opiyo alipoinamia katoni iliyokuwa chini ya meza ya kusomea, Khavere alikuja akaikalia.

"Hii haiendi," alisema.

"Ina nini?"

"Rangi zake."

Opiyo aliitazama katoni, akautazama ukuta, kisha akabeba magunia akatoka. Tangu msiba uingie hakuwa amelitamka jina la mtoto huyo hata mara moja.

Amolo alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliugua selimundu, ugonjwa wa damu, tangu utotoni, na wazazi wake walikuwa wamejifunza kuishi nayo: sweta hata mchana wa jua, maji ya kunywa kila mara, safari za ghafla za hospitali. Mwaka wake wa mwisho alipenda kitu kimoja tu, kumimina rangi. Alikiona kwenye simu, akakishika. Unachanganya rangi za akriliki na gundi nyeupe na maji kidogo, unazitia zote katika kikombe kimoja bila kuzikoroga, unazimwaga juu ya ubao, kisha unauinamisha huku na kule rangi zitembee zenyewe. Hakuna brashi. Siku za maumivu vidole vyake vilikataa kushika kalamu, lakini ubao aliweza kuuinamisha. Kila Jumamosi alikwenda Komarock kwa rafiki yake Shamis, aliyesoma naye chuoni, wakashinda juu ya paa la nyumba yao kati ya kamba za nguo, wakichafuka.

Siku Khavere alipopata ujasiri wa kuifungua katoni, alikuta chupa za rangi, vikombe vya plastiki, glavu, mbao ambazo hazijaguswa, na kopo la aiskrimu lililofunikwa kwa nailoni na kukazwa kwa raba. Ndani ya kopo mlikuwa na rangi ya buluu. Hakuna chupa yoyote pale iliyokuwa na buluu kama hiyo. Ilikuwa nzito, ina ukijani kwa mbali, kama anga jua likishazama na taa za barabarani hazijawaka. Kijiti cha kukorogea kilikuwa bado kimesimama ndani.

Alikumbuka. Ilikuwa Ijumaa. Amolo alikuwa mezani akiimbaimba, anachanganya ya kesho. Jioni maumivu yakamshika kifuani, Khavere na jirani wakamkimbiza hospitali, na hakurudi.

Shamis alikuja kumtembelea akiwa amebeba sambusa za mama yake na chupa ya chai. Khavere alimwonyesha kopo. Msichana alilishika kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu.

"Alinipigia hiyo siku," alisema. "Akaniambia amepata buluu ambayo hajawahi kuiona. Nikamwambia nitumie picha. Akakataa. Akasema nitaiona kesho."

Khavere alilichukua kopo, akalifunika tena kwa nailoni.

"Nataka kuiweka," Khavere alisema. "Itakaa muda gani?"

"Haitakaa, Mama. Ina gundi na maji. Itaganda, ama ianze kunuka."

"Sasa?"

"Imiminwe."

"Na mimi sijui."

"Nitakufunza. Lakini si kwa hii. Hii tutaiacha hadi mkono wako uzoee."

Basi Khavere, aliyekuwa hajashika rangi tangu shule ya msingi, akaanza kwenda Komarock siku za Jumamosi. Mama yake Shamis, Nafiso, mfanyabiashara wa mapazia, alimpokea mlangoni mara ya kwanza akamkumbatia, kisha akamtangulia ngazini hadi juu ya paa. Khavere alipofika juu aliona sakafu ya saruji ina madoa ya kila rangi. Alisimama akijiuliza ni yapi ya mwanawe.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Rangi zake zilikuwa nzito mno, zikakaa katikati ya ubao kama ugali. Akaongeza maji, zilipokauka zikapasuka nyufa kila mahali. Shamis alimwonyesha kuinua kijiti na kuangalia: rangi ishuke taratibu kama maziwa ya mala, isikatike wala isichuruzike. Alimfunza kudondosha tone moja la mafuta ya silikoni ili vijiduara vijitokeze, na kupitisha moto wa kiberiti cha gesi juu juu ili mapovu yapasuke. Khavere alikuwa na kosa moja ambalo halikumwachia. Rangi zikianza kutembea vizuri hakuweza kuziacha. Aliinamisha tena, na tena, mpaka zikaingiliana zikawa tope la kahawia.

"Mama, hapo ungesimama," Shamis alisema.

"Nilitaka ile nyeupe ifike kwenye kona."

"Amolo naye alikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa namshika mkono."

Khavere aliinua macho. "Alikuwa anaharibu?"

"Sana! Na akiharibu anacheka mpaka anakaa chini."

Khavere hakuijua habari hiyo. Nyumbani Amolo alileta zile nzuri tu. Alirudi Tena jioni hiyo akiwaza juu ya kicheko kile kilichokuwa kikitokea mtaa wa pili, siku nyingi, bila yeye kukisikia.

Opiyo alimwona akiondoka na kurudi na kucha zenye rangi, asiulize. Alikula, akafungua redio, akalala. Wakati mwingine Khavere alitamani agombe.

Ikafika siku ambayo buluu ile ilianza kuvuta utando juu. Khavere aliuona akaogopa. Alimpigia Shamis simu.

"Leo ndiyo leo," Shamis alisema. "Nije?"

"Hapana. Nataka niimimine hapa, kwenye meza yake. Peke yangu."

"Sawa. Usisahau kuondoa huo utando kwanza. Na Mama, ukiona imependeza, uiache."

Alifuata kila alichofunzwa. Alitandaza magazeti mezani na sakafuni. Aliuinua ubao juu ya vikombe vinne vilivyofudikizwa. Alitia nyeupe kikombeni, kisha buluu ya Amolo, kidogo cha rangi ya dhahabu, kisha buluu iliyobaki yote, akilikwangua kopo kwa kidole. Alikifunika kikombe kwa ubao, akavigeuza pamoja, akauweka ubao juu ya vile vikombe vinne, akangoja. Alipokiinua kikombe, rangi ilitawanyika kwa ukimya. Alishika kingo za ubao akauinamisha kuelekea dirishani, kisha kuelekea kwake. Buluu ilifunguka. Vijiduara vyeupe vilitokea ndani yake kimoja kimoja, na uzi mwembamba wa dhahabu ukapita katikati kama njia. Mikono ilimwasha kwa kutaka kuendelea. Akaurudisha ubao juu ya vikombe. Akarudi nyuma.

Alisimama pale akitabasamu huku machozi yanamshuka. "Umeona?" alisema kwa sauti, chumbani hamna mtu. Kisha akafunga mlango polepole ili vumbi lisiingie, akaenda sokoni kununua mboga.

Alichosahau ni kwamba meza ile ilikuwa imelalia upande. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, na Amolo mwenyewe alikuwa akiuwekea karatasi zilizokunjwa. Karatasi hizo zilikuwa zimefagiliwa siku za matanga. Shamis, juu ya paa lake, daima ndiye aliyesawazisha ubao. Khavere hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

Aliporudi alikuta rangi imeteremka. Haikuanguka kwa kishindo, iliteleza tu pole pole wakati yeye akichagua sukuma. Sehemu kubwa ya ubao ilibaki na ukungu mweupe. Buluu yote ilikuwa sakafuni juu ya magazeti, kidimbwi kimoja, kingo zake zimeshaanza kukauka.

Kelele aliyoipiga ilimtoa Opiyo chumbani mbio, alikokuwa amelala baada ya zamu ya usiku.

"Nini? Umeumia?"

Khavere alinyoosha kidole. 

Opiyo aliangalia sakafu. Pumzi zikamrudi. "Ni rangi tu, Khavere," alisema. "Nitakununulia nyingine."

"Hakuna nyingine!" Khavere alimgeukia. "Aliichanganya yeye. Ile Ijumaa. Kwa mikono yake. Ndiyo kitu chake cha mwisho, na mimi nimekimwaga."

Opiyo aliuangalia ubao uliobaki na ukungu. Kisha akapiga magoti, mtu yule mkubwa mwenye suruali ya kazi, akaanza kuikusanya rangi kwa viganja. Ilipomponyoka vidoleni akachukua kitambulisho chake cha kazi kutoka mfukoni, akawa anakwangua nacho, anarudisha juu ya ubao. Vipande vya gazeti vilikuja pamoja nayo. Alikwangua kwa haraka, kisha kwa haraka zaidi, mpaka Khavere akaona kwamba mabega yake yanatikisika.

"Baba Amolo. Acha."

"Waliniuliza kama nataka kumwona," Opiyo alisema, uso bado chini. "Nimetoka kazini Voi usiku kucha, nafika pale, muuguzi ananiuliza, unataka kumwona? Nikasema hapana. Nikasema hapana, Khavere. Na kule nyumbani kijijini walipofungua jeneza nikaenda nyuma ya boma."

Khavere alikaa sakafuni kando yake.

"Sijui hata alikuwa amevaa nini," Opiyo alisema.

"Sweta yako. Ile ya kijivu. Alisema ndiyo yenye joto."

Opiyo alifunga macho. Mikono yake ya buluu ilikuwa imelala mapajani.

"Aliniulizia?"

Khavere alifikiria kumdanganya. Alikuwa amelificha jambo hilo tangu hospitali, akijiambia anamhurumia.

"Aliuliza kama umefika," alisema. "Nikamwambia uko njiani."

Ndipo Opiyo akalia kwa sauti, akisema, "Amolo. Amolo wangu," mara nyingi, kama mtu anayeita kutoka mbali, na jirani wa chini akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini. Khavere hakwenda kufungua. Alimshika mumewe kichwa akakilaza kifuani pake, na rangi ikawachafua wote.

Ubao ule ulikauka ukiwa na mabonge, alama za vidole, na herufi za gazeti zilizogeuka upande. Haukuwa mzuri. Shamis alipouona aliupapasa tu. Opiyo aliutundika chumbani kwao upande wake wa kitanda. Kwa majuma mengi Khavere alikuwa akivua nguo huku ameupa mgongo.

Lakini walianza kuzungumza. Si kila siku. Opiyo angeweza kuwa anakunywa chai, aseme ghafla, "Unakumbuka alivyokuwa anaogopa jogoo?" na Khavere angejibu, au angeinuka aende jikoni. Usiku mmoja mmoja alimsikia akiamka na kwenda kukaa sebuleni gizani. Hakumfuata. Alijua anaenda kumlilia, na mahali hapo kila mmoja wao alikuwa na njia yake.

Khavere hakuacha kwenda Komarock. Mkono wake ulitulia. Jumamosi moja, mvua ya asubuhi ikiwa imeliosha paa, alichanganya rangi akiongea na Shamis habari za posa iliyoletwa kwao kutoka Garissa. Alimimina, akainamisha, akaacha mahali pazuri pa kuacha. Shamis akapiga makofi. "Haya! Hii ungeiuza."

Khavere aliinama kuiangalia. Ilikuwa ya waridi na chungwa, imechangamka kama kitambaa cha sikukuu. Amolo hakuipenda waridi hata kidogo. Tangu akiwa mdogo aliitukana kuwa ni rangi ya dawa ya kikohozi. Na yeye, mama yake, alikuwa ameichagua asubuhi hiyo kutoka kwenye chupa zote bila kumfikiria, akaikoroga, akacheka, saa nzima ikapita.

"Mama?" Shamis aliita. "Imekuharibikia?"

"La. Imetoka vizuri."

Alivua glavu, akaenda kukaa ukingoni mwa ngazi, akafunika uso kwa leso. Shamis alimwacha. Baada ya kitambo alimpelekea chai yenye iliki, akamwekea karibu na mguu. Chini barabarani Kangundo Road ilikuwa ikivuma kama kawaida. Khavere alilia mpaka akatosheka, akainywa chai ikiwa imepoa, kisha akaenda kuvikusanya vikombe ili avioshe.