Siku Parjo Alipomruka Mkewe

Nikutegee hiki, mjukuu wangu: mgeni gani hutoka kwenye mlango ambao hakuwahi kuuingia? Usikune kichwa. Ni mtoto anayezaliwa. Na yule wa mkwe wangu Ngatini aligoma kutoka.

Uchungu ulimshika alfajiri. Kufika saa nne, nyumbani kwa mkunga Retno, ulikuwa unakuja vizuri, mmoja ukimsukuma mwenzake. Alilala ubavu kwenye godoro sakafuni, nami namsugua kiuno kwa mafuta ya nazi.

"Mama, ukiacha tu nakufa."

"Kufa baadaye, mkono wangu bado una nguvu."

Akacheka.

Kosa langu likawa kumwita mwanangu Parjo. Kwetu Java, mke akiwa katika uchungu mumewe humruka mara tatu pale alipolala, ili njia ifunguke. Marehemu babu yako aliniruka mimi, na sikukawia.

Parjo akamruka. Moja, mbili, tatu. Uchungu ukakatika kama maji ya bomba.

Hakuondoka. Akasimama miguuni pa mkewe, mikono kifuani.

"Kaka Parjo, si umshike mkono mwenzio," Retno akamwambia. "Umesimama kama unangoja mzigo stendi."

"Nangoja kuona sura ya mtoto, kafanana na nani."

Ngatini akafumba macho. Tangu Parjo arudi kutoka mashamba ya michikichi kule Sumatra, alikuwa akihesabu miezi ya mimba kwa vidole mbele za watu. Na mimi mama yake nilinyamaza.

Saa sita ikapita, uchungu haujarudi. Retno akasikiliza tumbo, akarudia tena. Moyo wa mtoto ulikuwa umeanza kuchoka.

"Ngatini, nakuuliza wewe. Mumeo abaki au atoke?"

Ngatini akanitazama mimi. Angesema nini mbele ya mama wa mwanamume?

"Mama yangu ndiye kaniita," Parjo akasema. "Nani wa kunitoa?"

Magoti yaliniuma kuinuka, lakini niliinuka. Nikafungua mlango nikaushikilia.

"Usiniangalie kama mama yake," nikamwambia Ngatini. "Leo mtoto wangu ni wewe. Umeulizwa, mwanangu. Jibu."

Akamwangalia Parjo usoni.

"Atoke," akasema. "Wewe mama, baki."