Kilo Moja ya Gunia

Mizani ya zahanati yetu, huku juu karibu na Kimulot, huishia kilo mia moja na ishirini. Siku dada yangu Rebeccah alipoipanda, mshale ulikimbia mpaka mwisho, ukagonga chuma, ukakaa hapo. Nesi akamwambia, "Mwalimu, shuka tu." Ilikuwa wiki ya pili tangu arudi kutoka Nairobi, ambako alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Sista Yunia, muuguzi wa lishe wa hospitali ile, alitaka tumtumie uzito wake kila Jumatatu kwa simu.

Ndiyo maana tukaenda kituo cha majani, pale wakulima wanapopimiwa majani ya chai kabla lori la kiwandani halijaja. Mizani ya pale ni ya kuning'inia na haiogopi mzigo. Karani ni Jackton Sagini, mtu wa Kisii ambaye ametupimia kwa miaka kumi na moja na nyumba yake iko nyuma ya kituo. Tulingoja lori liondoke na watu waishe. Jackton akafunga ubao kwa kamba mbili kwenye ndoano, kama bembea, na dada akaukalia huku ameshika kamba na kufumba macho.

"Mia moja thelathini na sita," Jackton akasoma. Halafu akaandika 135.

"Kwani moja imeenda wapi?" nikamwuliza.

"Ya gunia."

"Gunia gani na huyu ni mtu?"

"Haya basi, ni ya ubao na kamba. Lakini ukweli, Rodah, ni mkono tu umezoea."

Kilo hiyo tunaijua wote. Ukileta majani, karani anatoa kilo moja, ati ni uzito wa gunia. Baba yetu aliilalamikia mpaka akafa. Siku hiyo tulicheka. Dada alicheka mpaka ubao ukazunguka naye.

"Miaka yote hii," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza hiyo kilo imenifaa."

Nataka kuandika mambo haya kama yalivyokuwa, kwa sababu watu wameanza kuyasimulia vingine.

Dada alikuwa na kisukari kwa miaka tisa. Mama yetu alikuwa nacho pia, na alikufa amekatwa mguu. Dada hakuenda kupasuliwa ili apendeze, kama wengine walivyosema. Alienda kwa sababu alikuwa akiamka na kuangalia vidole vyake vya miguu. Na baada ya upasuaji sukari ilishuka kweli, mpaka akaachishwa dawa. Sista Yunia alituambia sote wawili, simu ikiwa kwenye spika: "Sukari imelala, haijakufa. Uzito ukirudi, itaamka. Nikiona kilo tano zimepanda, namwita hapa juma hilo hilo. Msinifiche."

"Hatutakuficha," nilijibu mimi.

Masharti niliyaandika kwenye daftari. Ale kidogo, aanze na yai au nyama, atafune mpaka iishe mdomoni. Asinywe kitu wakati wa kula, angoje nusu saa. Maji anywe mchana kutwa, funda dogo dogo. Vinywaji vya sukari asiguse. Mimi sikuolewa, naishi katika boma la baba, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilimchemshia mayai. Nilichora mistari kwenye chupa yake ya maji ili akirudi kutoka shuleni nijue amefika wapi.

Maji hakuyapenda. "Maji matupu yananikwama hapa," alikuwa akisema, akigusa kifua. Lakini mistari ilishuka, na kilo pia zilishuka. Mia moja ishirini. Mia moja na tisa. Kufikia Krismasi alikuwa tisini na nne.

Januari nilimsimamisha kanisani. Nilitoka mbele na gauni lake la zamani, lile la zambarau, nikaingia ndani yake pamoja na mke wa mchungaji, sote wawili, na bado nafasi ikabaki. Kanisa lilipiga vigelegele. Wanawake wakaniambia, "Rodah, umemtunza dada yako kama yai." Dada alisimama kando akitabasamu, mikono ameifumbata mbele. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Siku nyingine uniulize kwanza." Nilidhani ni haya tu.

Baada ya hapo akaniambia nisiende tena kwenye mizani.

"Sitaki unione nikining'inia kama gunia," alisema. "Jackton ataandika kwenye karatasi, nitakuletea."

Nilikubali. Nani angependa kuonwa hivyo? Kila Jumatatu alipitia kituoni akitoka shuleni, akaniletea kikaratasi chenye mwandiko wa Jackton. 94. 95. 94. Niliiandika namba kwenye daftari na kumtumia Sista Yunia, naye alinijibu kwa kidole gumba.

Sasa niseme kosa langu, maana nalo lipo. Huku kwetu chai haihesabiwi. Mtu atakwambia hajala kitu tangu asubuhi, na ukweli ni kwamba amekunywa vikombe vinne vya chai ya maziwa yenye sukari. Na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ukipewa huwezi kukataa, kwa sababu si chakula, ni heshima. Mimi nilimwuliza dada kila jioni, "Umekula nini leo?" Akajibu, "Nusu yai na kipande cha nyama." Ilikuwa kweli. Nikamwuliza, "Umekunywa?" Akajibu, "Nimekunywa." Hiyo pia ilikuwa kweli. Sikumwuliza amekunywa nini.

Nguo zake zilianza kubana. Nilimwona akipumua kwa nguvu akipanda kilima chetu. Nikamwambia, "Dada, mbona kama unarudi?"

"Ni maji," alisema. "Si mlinisumbua ninywe maji? Yanajaa mwilini. Kwani karatasi inasema nini?"

Karatasi ilisema 95. Nikataka twende zahanati tuhakikishe, maana sasa mizani yao ingemtosha. Akakataa. "Usibadilishe mizani katikati ya safari. Hata Sista Yunia alisema tutumie moja." Na kweli Sista alisema hivyo. Nikaamini karatasi kuliko macho yangu mawili. Dada alikuwa mwalimu, mimi niliishia kidato cha nne. Tangu utotoni yeye ndiye aliyenisahihishia hesabu.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, zaidi ya mwaka mmoja tangu siku ya lile gauni, alianza kumaliza chupa ya maji kabla ya saa sita. Alijaza nyingine na kuimaliza. Aliamka kwenda choo mara nne, mara tano. Nilifurahi. Hata nilimtumia Sista Yunia ujumbe: *Sasa anakunywa maji vizuri sana.* Ujumbe huo bado uko kwenye simu yangu. Chini yake niliandika 95.

Siku ya Alhamisi hakuweza kusoma daftari za wanafunzi. Alisema maandishi yanaogelea. Ijumaa asubuhi ulimi wake ulikuwa mkavu kama ngozi, na maneno yalimtoka polepole. Tulimpeleka hospitali Kericho kwa gari la jirani.

Pale mlangoni wanapima kila mtu. Dada alikuwa bado anasimama akiegemea bega langu. Nesi akamsaidia kupanda mizani, akaniondoa kidogo ili nisiongeze uzito, akasoma, "Mia moja kumi na tatu."

"Mizani yenu ni mbovu," nikasema. "Jumatatu alikuwa tisini na tano."

Nesi aliniangalia, akapanda mwenyewe mizani ile ile, akashuka. "Mimi ni sitini na moja, mama, na ndivyo nilivyo. Alipimwa wapi hiyo Jumatatu?"

Nikamgeukia dada. Hakuniangalia. Alishika mkono wa sweta yangu kwa vidole viwili, kama mtoto aliyevunja kitu. Nikamwuliza, "Dada, alikupima nani?" Walimdunga kidole, na kile kimashine cha sukari hakikuonyesha namba. Kiliandika tu kwamba imezidi. Daktari alisema amekauka maji mwilini, kwamba yale yote aliyokuwa akinywa yalikuwa yakitoka na sukari. Wakati wanamsukuma ndani alisema, "Rodah, nipe maji." Ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyajua. Alikaa siku mbili bila kuamka.

Jackton alikuja mazishini. Alishika koleo pamoja na wanaume wengine. Nilimwangalia akitupa udongo na sikusema kitu, kwa sababu watu walikuwa wengi na mchungaji alikuwa akisimulia habari za lile gauni la zambarau.

Jumatatu iliyofuata nilienda kituoni na daftari langu, lori likiwa limeshaondoka. Jackton aliponiona alisimama.

"Pole, Rodah."

"Alikuwa na kilo ngapi?"

Alikaa chini tena. "Mara ya kwanza aliniomba moja tu," alisema. "Akaniambia, 'Jackton, leo toa ya gunia mara mbili, juma lijalo nitakuwa nimeishusha.' Juma lililofuata hakuishusha. Nikatoa tatu."

"Mpaka kumi na nane."

"Mpaka kumi na nane."

"Na hukuona ni mbaya?"

"Alinililia, Rodah. Mwalimu mzima, mwalimu wa watoto wangu, analia hapo kwenye ubao. Akaniambia, 'Wewe umenipunguzia kilo miaka yote ambazo ni haki yangu. Leo nipunguzie hizi ambazo sizitaki.' Mimi ningejibu nini?"

"Ungejibu hapana! Namba hizo zilikuwa za hospitali!"

"Aliniambia hospitali wanajua. Aliniambia wewe ndiye hujui. Alisema, 'Rodah akijua, nitasimamishwa tena kanisani.'"

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya saa tisa, na ilipiga mabati kwa nguvu.

"Na alikuwa akifanya nini hapa saa nzima kila Jumatatu?" nikauliza. "Alikuwa akifika nyumbani jua limeshuka."

"Alikuwa akipumzika kwangu. Mke wangu Bitutu alikuwa akimpa chai."

"Ya sukari?"

Jackton alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Rodah, kwani kuna chai gani nyingine?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kuuliza kama dada alikuwa akicheka akiwa hapo kwao, kwa sababu nyumbani alikuwa ameacha kucheka. Badala yake nilifungua daftari, nikamwambia, "Niambie za kweli. Zile unazokumbuka."

"Sina haja ya kukumbuka." Alivuta kitabu chake cha kituo, akakigeuza, akafungua kurasa za mwisho. "Mimi ni karani. Siwezi kupima kitu nisikiandike."

Zilikuwa pale zote, kwa kalamu ya buluu, Jumatatu baada ya Jumatatu. 96. 98. 97. 99. Juma la nne lilitosha kabisa, kilo tano juu ya ile tisini na nne. Juma hilo Sista Yunia angemwita, na dada angekwenda akinung'unika, na angerudi. Namba ya kweli ilikuwa imelala mwendo wa dakika kumi kutoka jikoni kwangu, mahali ninapopeleka majani yangu karibu kila siku, chini ya kiwiko cha mtu anayenisalimu "habari ya asubuhi".

Nilizinakili zote kando ya zile za uongo. Kisha nilizipiga picha na kumtumia Sista Yunia, pamoja na habari ya kifo. Alijibu baada ya saa moja. Aliandika pole, akaandika Mungu awatie nguvu, halafu chini akaandika: *Lakini kwa nini hamkuniambia?*

Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Hamkuniambia. Ametuweka pamoja, mimi na dada na Jackton.

Kesho yake nilichuma kama kawaida, maana majani hayangoji msiba. Nilipofika kituoni foleni ilikuwa ndefu. Zamu yangu ilipofika Jackton alitundika gunia langu, hakuniangalia usoni.

"Ishirini na nne," alisoma. "Natoa moja ya g..." Akakwama. "Leo sitoi, Rodah. Naandika ishirini na nne."

"Usinipe zawadi," nilimwambia.

Nilishusha gunia mwenyewe kutoka kwenye ndoano. Nikamwaga majani yote kwenye meza ya kukagulia, majani mabichi yakafurika mpaka ukingoni. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Wee mama, unatuchelewesha, lori linakuja!" Sikugeuka. Nilikung'uta gunia tupu, nikalitundika peke yake, nikasimama karibu na mshale kiasi kwamba pua yangu iligusa kioo.

Mshale ulitikisika. Haukufika hata nusu kilo.

"Soma," nikamwambia.

Jackton akasoma, kwa sauti ya chini.

"Soma wasikie."

Akasoma tena. Yule mzee akashusha gunia lake, akasogea kuona mshale.

"Sasa andika," nikamwambia, na nikakaa pale nikitazama kalamu mpaka alipomaliza.