Injini ya Mashine ya Unga

Mume wangu Audace akiona chuma kimelala hawezi kukiacha kilale. Ndivyo alivyokipata kile kitrekta. Kilikuwa cha mapadri wazungu, cha kukatia nyasi na kulimia bustani, kikuukuu, kidogo hata ukikikalia magoti yanakaribia kidevu. Alikikuta mtaa wa Gikondo nyuma ya bohari lililovunjwa milango, mwaka ule wa tisini na nne, miezi michache baada ya mauaji, mvua za Novemba zikinyesha na mabomba ya mji mzima yamekauka.

Aliyetutia kichaa ni Kellen, muuguzi aliyekulia Uganda. Kule juu Rebero alikuwa amekusanya watoto wasio na mtu katika nyumba moja. Watoto wanaharisha, maji yako bondeni, wao wako kilimani. "Nyinyi mafundi munangojea nini?" alitufokea siku moja pale gereji kwetu. "Hiyo trekta yenu si ivute tangi!" Audace akafunga tangi juu ya kigari cha kuvutwa nyuma, akalijaza, akapanda. Kitrekta kilikohoa na kuzimika kabla mwinuko haujaanza. Injini yake ilikuwa ya kukata nyasi, basi.

Kwa hiyo akaleta injini kubwa zaidi, na hakuitoa mbali. Ilikuwa dizeli ya mashine ya kusaga unga, katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba tuliyolala sisi.

Nyumba yenyewe tuliingia Agosti. Sisi tulizaliwa Bujumbura, Buyenzi, kwenye vyumba vya kupanga, wazazi wetu wakimbizi wakitusimulia nchi yao ambayo hatujaiona. Tuliporudi tulikuta milango wazi. Watu walikuwa na neno lao, kubohoza: nyumba haina mtu, unaingia, unaandika jina lako mlangoni kwa mkaa, imekuwa yako. Audace aliandika AUDACE, IKO MUTU. Mimi nikafagia, nikasugua madoa ambayo sikutaka kujua ni ya nini, nikatundika pazia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mlango wangu. Ningepigana na mtu yeyote kwa ajili ya mlango ule, nasema kweli.

Injini ilimtoa Audace jasho. Umeme haukuwapo, kwa hiyo alikata fremu kwa msumeno wa mkono, akatoboa matundu mapya, akaikaza kwa boliti za lori. Ilikaa vizuri, lakini kuwaka, hola. Injini za namna ile huwashwa kwa hendeli, kile chuma kilichopinda unachokizungusha kwa mkono, na hendeli haikuonekana popote. Alijitengenezea ya bomba. Ikateleza, ikampiga kifundo cha mkono, akatukana kwa kila lugha aliyoijua.

Asubuhi moja mwanamke mrefu, aliyekonda, akaingia gereji. Kitenge chake kilikuwa kimefifia lakini kimepigwa pasi. "Mwaramutse," akatusalimu, kisha akahamia Kiswahili, maana ndiyo lugha ya gereji. "Nasikia iko injini ya mashine hapa." Akafungua kitambaa alichokuwa amekishika. Ndani yake mlikuwa na hendeli.

Wenye mashine za kusaga wana desturi: jioni wakifunga kazi huondoka na hendeli, ili mtu asije akasaga kwa wizi. Mwenye hendeli ndiye mwenye mashine. Na mwenye mashine ile ndiye mwenye nyumba.

"Naitwa Médiatrice," akasema. "Bwana yangu alinipatia hii mwezi wa ine, akaniambia kimbia. Yeye hakutoka."

Nilingoja alitaje neno nyumba. Hakulitaja.

"Mama," Audace akasema, "injini niliitoa kwenye kibanda chako. Nilidhani haina mwenyewe. Iko yako, lakini watoto wa kule juu..."

Nikamkanyaga mguu. Nilimjua mume wangu, akianza kukiri hajui kusimama, na angeendelea kidogo tu angefika mlangoni kwangu.

"Watoto nimesikia habari yao," Médiatrice akasema. "Peleka maji. Jioni narudi na hendeli yangu."

Akaichomeka mwenyewe. Alizungusha mara ya kwanza, mara ya pili, injini ikashika, moshi mweusi ukajaa gereji. Akalia pale pale, kwa sauti, bila kujificha, na injini ikipiga mbele yake. Nilimwonea huruma na nilimwogopa, yote mawili kwa pamoja.

Audace akaruka kitini, akatia gia ya kwanza. Kitrekta kikarudi nyuma kwa kishindo, kikapindua pipa la oili chafu.

"Inazunguka kinyume!" Médiatrice akapiga kelele huku akifuta machozi. "Kule mashineni mukanda tulikuwa tunaukunja kama nane, ndiyo ugeuze muzunguko!" Mkanda wenyewe ulikuwa umeibwa siku nyingi, fundi angejuaje? Hapakuwa na muda wa kufungua tena. Gia ya kurudi nyuma ikawa ndiyo gia pekee ya kwenda mbele. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikakumbuka aliyesimama kando yangu.

Tulijaza tangi bondeni. Njia ya Rebero ilikuwa matope matupu, upande mmoja ngema, upande mwingine korongo. Breki za kitrekta zilikuwa za kukata nyasi. Injini ikizimika, tangi lingemburuta Audace kinyumenyume mpaka korongoni. Ndiyo maana mimi na Médiatrice tulitembea nyuma ya magurudumu ya kigari, kila mmoja na jiwe lake mikononi, tayari kulitia.

Tulipanda polepole. Kila Médiatrice alipovuta pumzi nilidhani sasa anaitaja nyumba. Nilipanga majibu kichwani: tuliikuta wazi, tumeisafisha, wengine wamechukua mbili. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililonitosha.

Kwenye kona kali magurudumu yakaserereka. Injini ikanguruma, ikashuka sauti, ikafa.

"Jiwe!" Audace akapiga yowe.

Nililitia langu. Gurudumu likalipanda, likalizamisha kwenye matope, tangi likaanza kurudi. Nilisikia maji yakijipiga ndani. Nilimwona Audace amesimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, na kigari kinazidi kuja. Médiatrice alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Alilikita jiwe lake chini ya gurudumu, akaliegemea kwa bega. Kigari kikatetemeka, kikasimama kwenye ukingo wa korongo.

"Njoo hapa," akaniambia. "Sukuma kama mimi. Usiache."

Nikaenda nikaegemea jiwe lake. Yeye akakimbilia mbele na hendeli. Matope yalinipaka mpaka kifuani, na tangi zima lilikuwa juu yangu. Angeweza kutuacha pale. Alizungusha, ikakataa. Alizungusha tena, akiguna, na injini ikaitika. Audace akaachia klachi taratibu, uzito ukaniondoka begani.

Kule juu watoto walikuja na vikopo, madumu, hata kofia. Kellen aliwapanga foleni huku anawagombeza na kulia. Audace alilala chali kwenye nyasi, hawezi hata kutania. Médiatrice aliketi kando ya kigari, hendeli magotini, akiwatazama watoto wanavyokunywa.

Nikaenda nikaketi karibu naye.

"Mama," nikasema, "nyumba tunayolala ni yako. Sufuria niliyopikia jana ni yako. Asubuhi mume wangu alitaka kukuambia, nikamzuia."

Hakunigeukia.

"Najua kama iko yangu," akasema. "Nilipita pale kabla ya kuja gereji. Nilisoma jina ya bwana yako mulangoni. Toka asubuhi nangoja mutu aseme."

Nikafungua pindo la kanga, nikatoa ufunguo wa kufuli tulilotia mlangoni, nikauweka juu ya goti lake. Mkono wangu ulikuwa mzito, sitawadanganya. Nilitaka kuurudisha, lakini niliuacha pale.