Pole Yenye Lakini

Fundi cherehani mmoja alikuwa na moyo mweupe na mdomo usio na breki. Siku hiyo, kwenye kundi la simu la watu waliolemewa na huzuni, mama mmoja mgeni aliandika kwamba tangu ajifungue hana raha, hulia jikoni akiwa amefungulia bomba ili mumewe asisikie. Fundi machozi yakamlengalenga. Akaacha gauni chini ya sindano, akajibu chapuchapu: "Pole mama, lakini hilo lako dogo. Mimi nilifiwa na mume, hata kuoga nikawa sitaki. Leo si huyu hapa nashona? Utapona."

Akaendelea kushona, roho imetulia.

Alipochungulia tena, yule mama alikuwa amefuta ujumbe wake na kuandika mwingine: "Samahanini. Kumbe wenzangu mna mazito. Mimi najidekeza tu."

"Wifi, hebu njoo," fundi alimwita dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akipiga pasi. "Mtu nimemtia moyo, naye kakimbia!"

Wifi akasoma. "Umemtia moyo au umemshindanisha na msiba wako? Mteja akija, unamkatia nguo kwa vipimo vyako?"

"Thubutu! Hata zipu haitafunga."

"Haya sasa."

Fundi alitaka kucheka, lakini akausoma tena ule ujumbe. Aliogopa kwelikweli. Mtu akishaambiwa maumivu yake ni madogo, atayapeleka wapi?

Akamwandikia yule mama faragha. "Hata mimi..." Akafuta. "Mimi pia..." Akafuta.

"Huyo 'mimi' mfungie nje kidogo," wifi akamtania. "Hapotei, namjua."

Mwishowe akaandika: "Mama, nimekukosea, nisamehe. Unalia peke yako, na hilo ni zito. Niambie, nasikiliza."

Jibu lilikawia. Mteja alikuja kuchukua suruali, akaambiwa asubiri, akanuna. Fundi wala hakumwona.

Kisha ujumbe ukaingia. "Kuna wakati naogopa kumshika mwanangu. Sijamwambia mtu yeyote."

Hofu hiyo fundi hakuwahi kuijua. Katika yote yaliyompata, hakuwa na la kulinganisha nayo. Akampigia. Yule mama alipokea akilia kwa sauti, naye akamwacha alie.

"Nipo, mama," alimwambia. "Usiharakishe."

Alipopoa kidogo, fundi akamuuliza kama angependa wamwambie mumewe pamoja.

"Usikate simu," yule mama akasema. "Namwita."