Risasi Zilizochongoka za Baba Mkwe

Usiku wa kuamkia leo niliota niko dukani nachagua risasi za kumwindia pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, na muuzaji ni pofu mwenyewe.

Kabla sijaendelea nieleze shida yangu, maana haikuanzia usingizini. Asubuhi nilitakiwa kwenda porini na baba mkwe wangu, Mzee Chilewa, kumtafuta pofu mmoja wa leseni. Bunduki yangu ni ya wenzo: unashusha chuma cha chini ya kiganja, unakipandisha, risasi nyingine inaingia. Risasi zenyewe hukaa kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa kitako cha ile. Na kitakoni ndiko iliko fataki inayowasha baruti. Ndiyo maana bunduki hii hulishwa risasi za pua bapa tu.

Sasa mzee katoka Dodoma na zawadi: risasi zimechongoka kama shazia la kushonea magunia. Jamani! Bunduki ikipiga teke, pua ikadunga fataki ya mbele yake, bomba zima linanilipukia mkononi. Lakini kwetu kumrudishia mkwe zawadi ni sawa na kumrudishia binti yake. Nikazipokea kwa mikono miwili, nikazijaza mbele yake huku nacheka meno yote nje, nikaenda kulala na woga wangu.

Basi, pofu yuko nyuma ya kaunta, kavaa miwani.

"Karibu mteja. Unamwinda nani?"

"Wewe," nasema.

"Ahaa. Basi niache nichague mwenyewe."

Anaishika moja ya zile zilizochongoka, anainusa, anaiweka kando. "Hii itapita tu kama mgeni aliyekataa chai. Nitabaki na kitobo, nitakimbia mpaka jua litue, tutasumbuana bure. Nipe nzito, ya pua pana. Ikifika ikae."

"Na kama uko mbali?"

"Sogea karibu. Una haraka gani?"

Namweleza kwamba siwezi, hizi kaninunulia mkwe. Pofu anavua miwani. "Za mkwe? Pole sana, ndugu yangu."

Anafungua mlango wa stoo, tunaingia, kumbe tumo ndani ya bomba la bunduki yangu. Ni korido ndefu ya chuma, inanukia mafuta ya cherehani. Risasi zimepanga foleni, zote zimevaa makoti, na kwa kuwa ni risasi za mkwe, zote ni wakwe. Napiga magoti.

"Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," wanaitikia bila kugeuka. Kwenye foleni hii kugeuka ni marufuku.

Mbele kabisa amesimama Mzee Chilewa mwenyewe, na kofia yake ya Jumapili. Nyuma ya suruali yake inang'aa fataki pana kama sahani. Nyuma yake yuko shangazi, pua imemchongoka, na ncha ya pua imeelekea palepale kwenye fataki.

"Mwambie mzee asogee," pofu ananinong'oneza.

"Nimwambieje?"

"Mwambie makalio yake yako hatarini."

"We! Nimtajie mkwe makalio? Mimi hata mgongo wake sijawahi kuutazama nikaumaliza!"

Bunduki inapiga teke. Korido inatikisika, shangazi anayumba, pua inagusa. Mzee anashtuka.

"Nani ananichokoa?" anauliza, macho mbele.

Wakwe wote wana adabu. Shangazi anasema samahani, korido nyembamba.

"Teke la pili ni kubwa zaidi," pofu anasema, anarudisha miwani puani ili aone vizuri.

Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Nampenda mzee huyu. Nilipolazwa mwaka juzi alikuja hospitali kila siku na uji kwenye chupa, akakaa bila kusema neno mpaka nimalize. Leo nimwache alipuke kwa sababu ya aibu yangu? Korido inaanza kutetemeka. Shangazi anayumba tena, pua inashuka, inashuka.

"BABA!" napiga ukelele. "MAKALIO YAKO! BABA, TOA MAKALIO YAKO HAPO!"

Nikazinduka nimesimama juu ya kitanda. Kumepambazuka, majogoo wamenyamaza, sauti yangu bado inazunguka kwenye mabati. Mke wangu Foibe kajifunika khanga mpaka puani.

"Baba Lameki, unajua baba yangu kalala hapo sebuleni?"

"Najua."

"Na unajua ulichosema?"

"Najua, Foibe."

"Manyoni nzima inajua."

Ikabidi nitoke. Nilijua ndoa ndiyo hiyo inakwenda, na porini haendi mtu. Mzee Chilewa alikuwa keshavaa, kasimama katikati ya sebule na kikombe cha chai, kiti chenye mto kiko pembeni yake, kitupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Kaa basi, baba, unywe vizuri."

"Nitasimama."

Akanywa. Akaitazama bunduki pale ukutani, akasogea hatua moja mbali nayo.

"Mwanangu, zile risasi nilizokuletea. Zitoe. Tutumie zako za pua bapa."

"Lakini baba, ni zawadi yako."

"Zitoe nimesema! Na upesi!"

Akageuka kuweka kikombe mezani. Nyuma ya suruali yake, haki ya Mungu, palikuwa na kitobo kidogo cha mviringo, kipya kabisa. Foibe naye akakiona, akafungua mdomo aulize. Nikamkanyaga mguu, nikainua macho darini, nikaanza kuzitoa risasi kwa kupapasa.