Mwamba wa Mizimu

Thongdam hakuwa na wateja, hakuwa na lori hata moja mbele ya mgahawa wake, wala hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake. Miaka kumi nyuma, wapimaji walikuja kivukoni kutafuta mwamba wa kushikilia daraja la Mekong. Yeye, mkuu wa kijiji, aliwaficha mwamba mzuri kwa kuwa juu yake palikuwa na kibanda cha mizimu ya mto. Daraja likajengwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapo, na mji ukaota huko kama uyoga.

"Mizimu yako imeshiba leo?" mkewe Bounmy alimuuliza, akiosha bakuli lisilo na uchafu.

"Nyamaza, mama watoto. Ingehama kwa kuku mmoja na chupa ya pombe, kama ningeiomba tu."

"Kumbe wajua! Basi omba kibanda cha kuuzia chakula katika soko jipya la darajani."

"Niwapigie magoti wakuu wa soko, vijana niliowafundisha kupiga kasia?"

"Au tuchemshe mwamba tule."

Usiku Thongdam aliandika barua ya kuomba kibanda, akaichana, akaandika tena huku akisaga meno. Hatimaye akaifunga bahasha kwa punje za wali wa kunata, akampa tarishi bila kumtazama usoni.