Karatasi ya Hamsini na Nane

Mwalimu Nanyama alikuwa haoni, na chuo kizima kilikuwa hakijui. Macho yalimzimika polepole, mpaka kufikia mwaka huo wa 1979 akabaki na ukungu tu. Fasihi ya Kifaransa aliifundisha kwa kichwa, maana vitabu vile alikuwa amevisoma mpaka vikamwingia damuni. Kilichomshinda ni kusahihisha mitihani. Na wangejua, kazi ingekwisha siku hiyohiyo. Nani angemweka mwalimu kipofu?

Basi akamwita mama yake kutoka Kimilili. Usicheke. Mama Nafuna hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Alijua kusoma Biblia ya Kibukusu, basi. Kila alasiri, katika chumba chao cha kupanga mtaani Kawangware, Nairobi, alishika karatasi za wanafunzi akazisoma kama zilivyoandikwa, silabi kwa silabi, kwa sauti ya kanisani. Nanyama aliyaunga maneno kichwani, akatoa maksi.

"Huyu naye ameandika kama kuku anayechakura," mama angesema. "Mkate maksi."

"Mayi, wewe soma tu."

"Si nasoma? Lakini mwenye mwandiko safi mwongeze. Huyo amelelewa."

Wakicheka hivyo, jirani yao Filister aligonga ukuta akitaka aambiwe naye acheke.

Muhula wa tatu, Filister huyohuyo alimshika Nanyama mkono kwenye foleni ya maji. "Mwalimu, mama anakonda vibaya. Mpeleke hosi, daktari amwone."

Nanyama alishtuka, akarudi kumuuliza mama.

"Achana na Filister na umbea wake! Ni baridi ya Nairobi tu. Zimebaki karatasi ngapi?"

"Ishirini. Zinatakiwa Ijumaa."

"Basi leta."

Sauti ilikuwa ileile, nene, ya kwaya, na Nanyama aliiamini. Jamani, angenyoosha mkono tu angejua! Lakini mkono ulikuwa na kalamu nyekundu, Ijumaa ilikuwa inakuja, na tuseme ukweli, aliogopa kujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na nyumba hiyo ilikuwa na wafichaji wawili.

Alhamisi, saa tisa mchana, kwenye karatasi ya hamsini na nane, mama akanyamaza katikati ya sentensi.

"Endelea, Mayi."

Kimya.

"Endelea, tumalize. Ni hii na mbili tu."

Alipoona kimya kimezidi, ndipo akanyoosha mkono. Akapapasa sweta, na chini yake sweta nyingine, na ndani ya zote mbili mkono mwembamba kama bua la mahindi. Nanyama akapiga yowe mpaka wapangaji wa ploti nzima wakaja.

Hospitalini, daktari kijana aliuliza bila ubaya: "Huyu ameumwa miezi mingi. Si mnakaa nyumba moja? Kwani hukuona?"

Mama Nafuna akafa Jumamosi.

Baada ya mazishi, Filister alimshika Nanyama mkono mpaka ofisini kwa Daktari Ndeti, mkuu wa idara ya Kifaransa. Nanyama aliweka karatasi mezani, akaeleza yote: macho, mama, sweta mbili, sentensi iliyoachwa katikati. Alingoja kufukuzwa.

"Ungeniambia, Nanyama," mzee akasema. "Ningekusomea mimi mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Kumbe mama angekaa kwake Kimilili, karibu na watu wenye macho.

Ndeti akachukua karatasi ya hamsini na nane, akaanza kuisoma. Alikuwa amesoma Ufaransa miaka saba, na Kifaransa chake kilikuwa kitamu, cha haraka. Nanyama akainua mkono.

"Si hivyo, Daktari. Soma kama ilivyoandikwa, silabi kwa silabi. Nimezoea hivyo."

Mzee akatii. Msomi mzima, akajikwaa kwenye kila neno kama mtoto wa chekechea, na Nanyama akasikiliza, kalamu mkononi. Wakafika kwenye ile sentensi ambayo mama aliiacha katikati. Hapo Ndeti akaacha kusoma, akaishusha karatasi.

"Endelea," Nanyama akasema, kwa mazoea.

Akajisikia alivyosema. Akaiweka kalamu mezani, akalia kwa sauti mle ofisini, mlango ukiwa wazi na wanafunzi wakipita.